Jani unaloliona leo lilishaamuliwa kitambo

Ukitaka kumchokoza mtu aliyekulia kwenye migomba muulize shina la mgomba liko wapi. Atakuonyesha ile nguzo nene ambayo tunaikatakata kwa panga tunawapa ng'ombe, na hapo ndo unamwambia hamna shina hapo, yote hayo ni majani. Nimeshawafanyia hivi watu wengi tu hapa Moshi, wakiwemo wazee wa Kibosho ambao kihamba, lile shamba la ukoo la kuzunguka nyumba, wamekirithi kwa baba na baba alikirithi kwa babu, na karibu wote wanabisha kwanza, na mimi napenda wakibisha maana ushahidi hauko mbali. Unatafuta mgomba ulioangushwa na upepo kabla haujazaa, unaukata kwa kuukingama, afu mnaangalia wote ule mduara: tabaka ndani ya tabaka, kila tabaka lina vyumba vyumba vya hewa na utomvu unachuruzika, na ukilifuata tabaka moja kwenda juu unaishia kwenye jani moja. Hizo ni ala za majani zimekumbatiana. Ila hakikisha mgomba haujazaa, maana uliozaa ukiukata unakuta katikati kijiti cheupe kigumu, hicho ndo shina la kweli limepanda kubeba mkungu, na mbishi akikiona hicho mjadala unaanza upya.

Shina lenyewe muda wote huo liko chini ardhini, ni lile tunguu tunalolichimba tukihamisha miche, na pale juu ya tunguu, karibu na usawa wa udongo, kuna kijisehemu kidogo sana ambacho ndo kinazaa majani, moja baada ya jingine, kila jipya linatokea katikati na kusukumwa juu kupitia ndani ya ala za wenzake. Kuna Mmarekani anaitwa Alexander Skutch alilichambua sana jani la mgomba mwishoni mwa miaka ya 1920, akachapisha kazi yake 1930, baadae akaachana na migomba akahamia Costa Rica akawa mtu wa ndege mpaka uzeeni, lakini alichokionyesha kwenye migomba bado kiko palepale: jani linapochungulia juu likiwa limejiviringisha, bapa lake, ile sehemu pana, limeshajengwa kule ndani. Linachofanya ukiliona ni kusukumwa nje na kukunjuka. Wewe unasema mgomba umetoa jani, kumbe ulishalitoa siku nyingi.

Na hilo ndo jambo ambalo limenikaa kichwani tangu nilivyoanza kusoma haya mambo vizuri (baiolojia niliisoma mpaka form six, tukachora jani kwa kukata, epidemisi juu epidemisi chini, stomata yaani vile vitundu vya jani vya kupitisha hewa, tukapewa maksi tukaondoka, hakuna aliyetuuliza lile jani lilijuaje juu ni wapi). Karibu kila kitu cha muhimu kuhusu jani, litakaa upande gani wa shina, uso wake wa juu uko wapi, litakuwa moja au litagawanyika, vinaamuliwa likiwa dogo kiasi kwamba bila hadubini huwezi kuliona. Sisi tunaanza kuangalia sinema ikiwa imefika mwisho.

Kama huna hadubini kuna njia ya jikoni. Siku ukiloweka maharage ya makande chukua moja lililolala majini usiku kucha, menya ganda, afu litenganishe taratibu zile pande mbili. Pembeni, pale kwenye kovu, kuna kijidude kimejikunja, upande mmoja ni mzizi, upande wa pili ukikisogeza kwa sindano unakuta vijani viwili vimelaliana, vyeupe, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, na ukiviweka kwenye mwanga vina mishipa tayari. Viko humo tangu lile haragwe lilipokauka kwenye ganda lake shambani. Mahindi ndo kabisa, ndani ya kiini cha punje kunakuwa na majani kama matano hivi yameshaanza, yamefunikana, yanasubiri mvua tu. Kwa hiyo mtu anayepanda mahindi Machi anapanda majani yaliyotengenezwa msimu uliopita kwenye gunzi la mama yake.

Kile kijisehemu kinachozaa majani kinaitwa meristemu, ipo kwenye kila ncha ya mmea inayokua, kwenye kahawa, kwenye parachichi, kwenye mchicha. Ni kilima kidogo cha seli laini, na wanasayansi wengi wanakichunguza kwenye kagugu fulani ka ukoo mmoja na sukuma wiki kanaitwa Arabidopsis, ambapo kilima chenyewe upana wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Katikati ya kilima kuna seli ambazo kazi yao ni kubaki changa na kuendelea kugawanyika, hazigeuki kuwa kitu chochote. Watoto wao wanasogezwa pembeni kidogo kidogo, na wakishafika ubavuni ndo wanapata nafasi ya kuwa jani. Jani linaanza kama kinundu tu, uvimbe mdogo ubavuni mwa kilima, na ukikuta vinundu viwili vitatu kila kimoja kimepishana umri na mwenzake unaweza kusoma ratiba yote ya mmea hapo.

Ili kinundu kianze lazima kitu fulani kizimwe. Kuna kundi la jeni ambazo zinawaka kwenye kile kilima na kuziweka seli katika hali ya utoto, na pale jani linapotaka kuanza, kwenye zile seli chache, hizo jeni zinazimika. Ya kwanza kwenye kundi hili kupatikana ilitoka kwenye mahindi, na ilijulikana kwa sababu ya mahindi yenye kasoro, majani yake yana vinundu vinundu juu ya mishipa, ikaitwa Knotted, na timu ya Sarah Hake kule Marekani ikaipata jeni yenyewe 1989. Kasoro ilikuwa kwamba jeni ya kilima imewaka mahali isipotakiwa, kwenye jani, basi seli za jani zinajisahau zinarudi utotoni. Halafu angalia jani la nyanya lilivyogawanyika vipande vipande. Kwenye nyanya hizo jeni zinarudi kuwaka ndani ya jani likiwa bado changa, kwa hiyo jani linachelewa kukomaa na linapata muda wa kutoa vijani vingine pembeni yake. 1996 watu waliiweka ile jeni ya mahindi kwenye nyanya iwake kupita kiasi, ikatoa majani yaliyogawanyika, yakagawanyika tena, na tena. Yaani tofauti ya jani zima kama la mahindi na jani la vipande kama la nyanya kwa sehemu kubwa ni suala la nani anakawia kuzima swichi.

Sasa lianzie wapi? Hili ndo swali ambalo mimi lilinipotezea usingizi zaidi. Ukiwa kihambani chukua kahawa, angalia lile tawi linalokwenda juu wima. Majani yanatoka mawili mawili, yametazamana, na jozi inayofuata imekata msalaba juu ya ile ya chini, halafu inayofuata inarudi mwelekeo wa ile ya kwanza. Kati ya jani na jani kuna kipembe kidogo chenye ncha kinafunika chipukizi, wengi hawajawahi kukiona na wamechuma kahawa miaka nenda rudi. Afu hamia kwenye tawi la pembeni, lile linalobeba buni, utaona majani yote yamelala bapa kulia na kushoto, hamna msalaba. Usidanganyike, yalianza kwa msalaba vilevile, ila tawi na vikonyo vimejisokota ili kila jani lipate jua lake. Mahindi yanatoa jani moja kulia moja kushoto. Mgomba na nanasi zinazungusha. Alizeti, papai, miti mingi sana, inazungusha kwa pembe ambayo haieleweki kwa haraka, nyuzi 137.5 hivi kutoka jani moja mpaka linalofuata, na ndo maana ukihesabu ile mizunguko ya mbegu kwenye kichwa cha alizeti unapata namba kama 34 na 55.

Mjerumani Wilhelm Hofmeister 1868 alisema jambo rahisi sana: kinundu kipya kinatokea pale penye nafasi kubwa kuliko zote kutoka kwa waliotangulia. Ni kama abiria wa Hiace stendi, gari ikiwa tupu kila anayeingia anakwenda kukaa mbali na waliokwisha kaa, hakuna aliyewapangia ila ukichungulia dirishani unaona kuna mpangilio. Watu walibishana kuhusu hilo zaidi ya miaka mia. 1992 Wafaransa wawili, Douady na Couder, wao hata mmea hawakutumia, walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku moja baada ya jingine katikati ya sahani, matone yanasukumana yanakimbilia pembeni, na wakirekebisha kasi ya kudondosha matone yanajipanga yenyewe kwa ileile pembe ya alizeti. Mimi nilivyosoma hiyo nilicheka peke yangu. Hesabu yote ile ambayo watu wanaizungushia maneno makubwa ya siri ya maumbile, inatokea tu kwa sababu vitu vinakwepana.

Kwenye mmea kinachofanya kazi ya sumaku ni homoni inaitwa auksini. Seli zinaisafirisha kutoka moja kwenda nyingine kupitia protini zilizokaa kwenye utando wa seli kama milango ya upande mmoja, na inarundikana sehemu fulani ubavuni mwa kile kilima. Ikirundikana, jani linaanza hapo. Jani likishaanza linainyonya auksini ya jirani na kuipeleka chini kwenye mishipa, kwa hiyo karibu yake pakavu, lingine haliwezi kuanza mpaka mbali. Ndo zile nafasi za Hofmeister. Na hii si nadharia ya mezani, mwaka 2000 watafiti wa Bern kule Uswisi walichukua ncha za nyanya wakazipa kemikali inayozuia usafiri wa auksini, zikaacha kutoa majani kabisa, zikarefuka uchi kama msumari, halafu wakachukua tone dogo la auksini wakalibandika ubavuni mwa ule msumari, na pale pale walipoligusa likaota jani. Sijui kama mnaelewa uzito wake. Mtu amechagua kwa mkono wake jani liote wapi.

Kinundu kimeshatokea, sasa juu yake ni wapi? Mwaka 1951 mtafiti Ian Sussex alifanya kitu cha kikatili kidogo kwa viazi mviringo, akachukua kisu kidogo sana akakata kati ya kilima na mahali jani linakaribia kuanza, basi, mkato huo tu. Jani likaota lakini halikuwa na bapa, likawa kijiti cha mviringo, pande zote zinafanana, zote ni chini. Maana yake ule upande unaotazama kilima ndo unakuwa uso wa juu, na ili ujijue unahitaji kuwa umeungana na kilima. Baadae 1995 watafiti wengine, Waites na Hudson, wakielezea ua fulani la bustani lenye kasoro hiyohiyo ya majani ya vijiti wakasema bapa linachomoza pale juu inapokutana na chini, mpakani. Ukiondoa mpaka, hamna bapa. Kwa hiyo upana wa jani la mgomba unaofunikia mbege na kufungia ndizi mbivu unatokana na ugomvi wa pande mbili za kinundu usichoweza kukiona kwa macho.

Na huu uamuzi wa juu na chini kwa mkulima wa kahawa ni hela kabisa. Geuza jani la kahawa ya arabika. Stomata zote ziko chini, juu hamna hata moja, uso wa juu ni nta inayong'aa na maji yanateleza. Ule ugonjwa wa kutu, ambao kule Sri Lanka ulianza kuonekana 1869 ukawaondoa watu kwenye kahawa wakaingia kwenye chai, kuvu wake anaingilia kwenye stomata, ndo maana ule unga wa rangi ya chungwa unaukuta chini ya jani na juu unaona madoa ya njano tu. Sasa mtu anapita na pampu anapiga juu juu, majani yanang'aa kwa dawa, anarudi nyumbani ameridhika, na kuvu yuko chini anakula taratibu bila wasiwasi. Pua ya pampu inatakiwa itazame juu, itokee chini ya matawi. Nikisema hivi kwenye vikao vya ukoo naonekana najua sana, haya.

Ukiwa umeligeuza hilo jani usiliachie bado. Fuata uti wa katikati, pale kila mshipa wa pembeni unapochepuka, kwenye kona, utaona kishimo kidogo, kwa upande wa juu kinaonekana kama kivimbe. Ukiwa na lenzi, hata ile ya kubandika kwenye kamera ya simu, mara nyingi unakuta wadudu wadogo mno ndani, utitiri, wanaishi humo, na wengi wao wanakula kuvu na wadudu wengine. Jani la kahawa linajenga vijumba vya wapangaji likiwa bado changa, kabla hata mpangaji hajafika. Nimeshamwonyesha mama yangu, akasema kumbe ndo maana mikono huwa inawasha, ambayo sidhani, ila sikubishana naye.

Kukua kwenyewe kuna namna mbili na tofauti yake kila anayefuga anaijua bila kuijua. Majani ya mimea kama parachichi, mwembe, maharage, yanaanza kuacha kugawanya seli kwenye ncha, ukomavu unashuka kuelekea kwenye kikonyo, afu baada ya hapo ni kutanuka, seli inajaza maji ndani yake inavimba mara nyingi zaidi ya ilivyokuwa, ndo maana jani la mwembe linaweza kutoka dogo na ndani ya siku chache likawa kubwa huku bado limelegea linaning'inia. Ukikata ncha ya jani la namna hii haikui tena. Lakini nyasi, mahindi, mgomba, vitunguu, masale ya mpakani, hizi zinakulia chini, kwenye kitako cha jani, ncha ndo sehemu ya kizee. Ukikata gwatemala asubuhi kwa ajili ya ng'ombe, lile jani lililobaki linaendelea kusukumwa juu likiwa na ncha iliyokatwa mraba, unaliona kabisa kesho kutwa limepanda na kovu lake. Mgomba mchanga ukiukata katikati nenda kauangalie kesho yake, ile sehemu ya katikati imechomoza juu ya zingine, imetoka yenyewe.

Mbuzi wa jirani akiingia kwenye mahindi yenye majani manne watu wanapiga kelele hadi kwa balozi, na balozi anaamua fidia, na mahindi yanainuka tena vizuri tu kama mbuzi hakung'oa, kwa sababu mpaka majani matano sita yawe yamefunguka ile ncha inayozaa majani bado iko chini ya udongo. Hapo hapo karibu na hatua hiyo mmea unakuwa umeshaanzisha majani yake yote ya maisha, yamejikunja ndani, na ncha inageuka kutengeneza mbelewele. Maharage hayana bahati hiyo, ncha yake inatoka hewani siku ya kwanza, mbuzi akikata chini ya zile nusu mbili za mbegu basi, hakuna kitu tena. Kwa hiyo kesi ya mbuzi kwa kweli inategemea alikula nini na lini, ila sijawahi kusikia balozi akiuliza.

Rangi nitaipitia haraka. Majani machanga ya mwembe na mparachichi yanatoka ya shaba au mekundu kwa sababu umbijani, ile rangi ya kijani, haujajaa na kuna rangi nyingine imetangulia, wapo wanaosema inalikinga na jua kali, wapo wanaosema wadudu hawaipendi. Kwenye kahawa rangi ya ncha inakusaidia hata kutambua aina, Typica ncha zake ni za shaba na Bourbon kwa kawaida ni za kijani.

Lakini kuna moja ya rangi ambayo lazima niikalie. Yule dada anayeuza maua barabarani kuelekea Kiboriloni ana sneki planti zile za pembeni njano, ndo zinazotoka sana, watu wanapeleka maofisini na saluni. Mteja mjanja ananunua mche mmoja, anakata jani vipande vipande anavichomeka kwenye udongo ili apate miche ya bure, vinaota kweli, miezi inapita, vinatoka vya kijani tupu, pembeni hamna njano. Dada anasema wanarudi wamekasirika wanadai aliwauzia feki. Yeye jibu lake ni moja, gawa mzizi usikate jani, na yuko sahihi asilimia mia ingawa sababu hakuwahi kuambiwa na mtu. Kile kilima cha meristemu kina tabaka za seli, ya juu kabisa, ya pili, na za ndani, na kila tabaka inazaa watoto wake bila kuchanganyikana sana na nyingine. Kwenye hiyo sneki planti tabaka moja haiwezi kutengeneza umbijani na nyingine inaweza, ukingo wa jani unajengwa na ile isiyoweza, katikati na ile inayoweza. Ukichukua kipande cha jani, mche mpya haurithi kilima cha zamani, unaanzisha kilima kipya kutoka kwenye seli za aina moja, zile za kijani. Ukigawa tunguu umechukua kilima kizima na tabaka zake zote. Mimea miwili imekaa ndani ya ngozi moja, na umekata ukachukua mmoja.

Na bogenvilia, kwa sababu mji mzima umejaa: ile rangi ya pinki na zambarau ni majani, ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe katikati. Hata lile ganda la zambarau kwenye mkungu, linaloinuka moja moja na chini yake kuna chane, ni jani. Goethe, yule mshairi wa Ujerumani, aliandika 1790 kwamba sehemu za ua zote ni jani lililobadilika, watu wakaona ni ushairi, na miaka 200 baadae, 1991, watu wa jeni wakazima aina zote tatu za jeni zinazoamua sehemu za ua kwenye ile Arabidopsis na mahali pa ua yakatoka majani. Mshairi alishinda kesi akiwa kaburini.

Nimalizie na nyanya maana ndo zilizonifanya niandike. Jirani yangu mmoja analima nyanya kule tambarare Kahe, pembeni yake kuna shamba la mahindi la mtu mwingine, na huyo wa mahindi alipiga dawa ya magugu mchana, upepo unavuma, dawa yenye 2,4-D. Hiyo 2,4-D ni auksini ya kutengeneza, kiwanda kiliiga homoni ileile ya kuanzisha majani, inaua magugu ya majani mapana kwa kuyavuruga na nyasi kama mahindi zinaivumilia. Nyanya ni miongoni mwa mimea inayoiogopa kuliko yote, harufu tu inatosha. Majani makubwa yaliyokuwa yameshafunguka hayakuonyesha kitu cha maana. Yaliyofuata, ambayo siku ya dawa yalikuwa vinundu, yakatoka membamba, yamesokotana, mishipa imekimbia sambamba kama jani la nyasi. Jirani akaenda dukani kwa pembejeo na picha kwenye simu akaambiwa hiyo ni rasta, virusi, akauziwa dawa ya nzi weupe wanaoieneza, akapiga, akarudi, akauziwa nyingine.

Rasta ukiiangalia vizuri majani yanakuwa madogo, yanajikunja kwenda juu, kingo zinakuwa za njano, mmea unadumaa, na inaanza na mche mmoja hapa mwingine kule kadri nzi wanavyotembea. Za jirani zilikuwa zimeharibika zote kwa pamoja upande ulioko kwa mahindi, na kadri unavyoingia ndani ya shamba hali inapungua mpaka kule mwisho ziko safi. Nzi hapangi hivyo, upepo ndo unapanga hivyo. Nikamwambia asing'oe kwanza, aangalie ncha, na baadae majani yaliyoanza baada ya dawa kwisha nguvu yakaanza kutoka na umbo lake la kawaida juu ya yale yaliyopinda, ingawa mavuno ya vichala vya chini yalikwenda na maji. Mwenye mahindi hajakubali mpaka leo, na mwenyekiti wa kitongoji anasema jani haliwezi kuwa shahidi. Basi kama unapiga 2,4-D piga asubuhi mapema hewa ikiwa imetulia, na pampu uliyoitumia usiipeleke tena kwenye nyanya hata kama umeisuuza, tafuta nyingine.